Asali ya Siku ya Saba

Mimi ni mpishi tu. Sikuja kutafuta nuru.
Nililetwa na barua ya benki
na paa la nyumba yangu kule Võru, linalovuja.

Shule hii ilifungwa watoto walipokwisha kijijini.
Sasa kila Februari wanaingia watu wazima ishirini na wawili,
wanavua viatu mlangoni, wanavua na maneno,
wanaketi katika darasa la hesabu
kuhesabu pumzi.

Siku kumi na mbili hakuna asemaye.
Nawajua kwa vijiko.
Aive hula kama anayeomba radhi.
Kijana wa Tartu huchovya mkate mara tatu, hazidishi.
Na Urmas, mzoefu, mwaka wake wa kumi na moja huu,
mgongo wima kama mshumaa wa kanisa,
Urmas hutafuna kila punje ya shayiri
mpaka shayiri yenyewe ione haya.

Wanasema ukipanda sana ndani ya nafsi
unafika mahali ambapo neno "changu" halipo,
limeyeyuka kama theluji kwenye bomba la jiko.
Huenda. Sijafika.
Nilichoona mimi ni viti:
aliyewahi kukaa karibu na moto siku ya kwanza
hakumpisha mtu siku ya tano,
na nje ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na bibi Helju alikuwa dirishani, midomo ya zambarau,
akikitakia heri kila kiumbe.

Palikuwa na chupa moja ya asali,
zawadi ya jirani mfuga nyuki,
kijiko kimoja kwa kila mtu, basi.
Siku ya nne ikatoweka.
Sikuuliza. Umuulize nani
katika nyumba iliyoweka ulimi rehani?

Siku ya saba, saa kumi alfajiri,
namenya viazi, mlango ukafunguka.
Urmas. Soksi tu miguuni. Chupa mkononi, nusu.
Akavunja kimya kama mtu avunjaye sahani ya mama mkwe:

"Nimeuona mkono wangu, Leili.
Siku tatu nimeutazama ukiingia chini ya godoro.
Nimeutazama kwa utulivu mkubwa.
Niliiona hamu ikizaliwa, nikaiona ikiota meno,
niliuona hata utamu ukishuka kooni,
niliona yote,
na mkono ukaendelea kwenda."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kisu kikaanguka.
Naye akacheka, kisha akalia, kisha akachukua kiazi
akaanza kumenya, vibaya,
nusu ya kiazi ikienda na ganda.

"Sasa yafaa nini?" nikamuuliza. "Miaka kumi na mmoja!"
Akanyamaza muda wa viazi viwili.
"Zamani," akasema, "ningeila yote.
Halafu ningemshuku Aive."

Hapo kicheko kikanikauka.

Maana siagi wanayopaka kila asubuhi
siyo siagi iliyoandikwa kwenye risiti.
Ni majarini, ya bei ya chini kabisa, na tofauti yake
inalala ndani ya kopo la chai, rafu ya juu:
euro sitini na nne.
Nilijiambia: paa.
Nilijiambia: hawa wana hela,
watu gani hulipa ili wanyamaze?
Nilijiambia vizuri sana, hata sikujisikia.

Alipoondoka alisahau kufunga mlango.
Nikapanda kigoda, na huko ndiko juu nilikowahi kufika.
Nikalitikisa kopo. Likalia.
Nikalirudisha.

Saa moja, kengele. Wakaja na soksi zao.
Asali ilikuwa mezani, hakuna aliyeshangaa kwa sauti.
Urmas alichota kijiko, akasita,
akachota cha pili.
Nami nilisimama na kisu, nikiwapakia mkate,
nikauona mkono wangu wote, kiwiko mpaka kucha,
na lile doa la unga kwenye pete.

Uliendelea kwenda.
Ila polepole,
kama kitu kinachojua kinatazamwa.