Inaendelea Ukurasa wa Tano

Nyumba ya shangazi Mwanakombo, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
ilikuwa na nyufa za kupitisha mjusi na mimba yake.
Rangi ilikuwa ghali. Shangazi akakoroga uji wa muhogo,
akabandika magazeti toka sakafuni hadi kwenye boriti,
habari za vita juu ya habari za mitumba.
Kusoma nilijifunzia hapo,
chali kitandani, homa ikinifunulia kurasa.

BEI YA SUKARI YAPANDA, ukuta ulisema.
Yapanda nini?
Nikaiona ikiparamia mnazi wa kina Shemdoe,
kilo kwa kilo, imejifunga kibwebwe,
na wanawake wa mtaa chini, vikombe mkononi:
"Shuka, mwanangu, chai inapoa!"
Haikushuka. Mpaka leo haijashuka.
Sisimizi ndio walioifuata, foleni moja, bila kusukumana.

SHILINGI YAYUMBA.
Hiyo sikushangaa. Mjomba Hoza naye aliyumba
kila mwisho wa mwezi, akitoka Chumbageni.
Nikaamini wanatoka pamoja, wameshikana mabega,
kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ukuta.

SIMBA YAPIGWA MKWAKWANI.
Hapa nililia.
Mnyama mzima kaletwa mjini
anachapwa hadharani, na watu wanalipa kiingilio!
Nikaiba samli ya shangazi, nikaitia kwenye kopo la dawa ya viatu,
nikaenda uwanjani kumchua mgongo.
Mlinzi akaniuliza namtafuta nani.
"Aliyepigwa."
Akanionyesha benchi. Mzee wa fulana nyekundu
ameinamisha kichwa, peke yake, tangu jana.
Samli aliipokea. Akajipaka magotini,
akasema, afadhali wewe umekuja.

WAZIRI AMEZA MANENO YAKE.
Makavu hivyo? Bila hata mchuzi?

Lakini kilichotutesa mtaa mzima ni kichwa cha mlangoni:
MAJI KUTOKA JUMATATU.
Hakikutaja Jumatatu ipi.
Ndoo zilipangwa Jumapili usiku, za bati,
nyuma yake zikaja za plastiki.
Bi Mosi alirithi nafasi ya saba kwa mama yake,
kwa maandishi, mashahidi wawili.
Wawili walichumbiana kati ya ndoo na ndoo,
wakazaa, mtoto akaanza shule.
Bomba likakohoa mara moja,
likatoa mende,
likanyamaza.

Na kile cha juu ya kitanda changu
kilisema MWISHO WA
halafu kabati la nguo.

Miaka saba nililala chini ya maneno hayo mawili.
Nilioga bila kulazimishwa.
Nilimlipa Shemdoe madafu ambayo hakujua yameibwa.
Nikamuuliza shangazi, nyuma ya kabati kuna nini?
"Ukuta," akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Tulilihamisha kabati baada ya arobaini yake,
wanaume wanne, mmoja akilaumu mbao za zamani.
Nikavaa miwani.

MWISHO WA MACHUNGWA MUHEZA,
WAKULIMA WASEMA MSIMU ULIKUWA MZURI.

Nilicheka hadi nikakaa chini.
Binamu zangu wakadhani majonzi yamenizidi,
wakaniletea maji, ya kununua.
Ilikuwa Jumatatu.

Pembeni, kwa herufi za kusomwa na mjusi:
inaendelea ukurasa wa tano.
Nikautafuta chumba kizima, nikapapasa hadi kwenye boriti.
Ukurasa wa tano shangazi aliubandika kifudifudi,
umeutazama udongo,
unajisomea wenyewe.