Mwaka Mmoja Tu

Barua ya chuo kikuu ilikuja Aprili.
Mama akaibandika kwenye friji kwa sumaku,
juu ya bili ya umeme, chini ya picha ya kipaimara changu.
Julai nikaibandua,
nikawaandikia: naomba kuahirisha,
mwaka mmoja tu.

Bi Thorsgaard, mshauri wa wanaohama chuo,
alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.
"Eliseo, kila wakija kumi kuniambia mwaka mmoja..."
Hesabu hakuimaliza.
Akanipa karatasi yangu: krediti tisini, muhuri juu yake,
miaka miwili ya chuo cha jamii,
nusu ya daraja, na chini maji yanakwenda.

Nilimwambia kila mtu ni pesa.
Pesa ni jibu zuri, haliulizwi swali la pili.
Shangazi Refugio akanitilia dola ishirini mfukoni
nami nikazipokea
kama mwizi aliyefungashiwa zawadi na mwenye nyumba.

Sasa niko kwenye ghala la matufaha, Yakima,
zamu ya saa kumi alasiri hadi saa sita usiku.
Mkanda unapita: jekundu, jekundu, lenye jeraha, jekundu.
Mkono huelewa kabla ya kichwa,
hili la sanduku, hili la juisi.

Chumba namba tisa hakifunguliwi.
Wameitoa oksijeni ili matunda yalale.
Yaliyochumwa Septemba yataamka Juni
kana kwamba yamechumwa jana.
"Ukiingia humo unaanguka kabla hujakohoa,"
Wendell aliniambia siku ya kwanza, akiegemea foklifti yake.
"Tunda linaweza kulala mwaka. Mtu hawezi."

Siku ya theluji ya kwanza akaniuliza nasoma nini.
Nikamwambia. Uhandisi. Nimeahirisha.
"Hata mimi," akasema, "themanini na saba.
Mwaka mmoja tu."
Akacheka, akairudisha foklifti nyuma,
nayo ikalia vile inavyolia ikirudi nyuma,
pii, pii, pii,
mpaka mwisho wa ujia.

Waliosema kawia ufike
hawakusema ukawie wapi.

Usiku ule nilichukua kifuniko cha sanduku,
nikaandika hesabu ya mwisho ya Mwalimu Pruitt.
Nikakwama hatua ya tatu.
Siku nne kifuniko kilikaa chini ya kitanda,
nami juu yake, macho makavu.

Sikiliza, mama, haikuwa pesa.
Nilikwenda kukitazama kile chuo, Machi, peke yangu.
Nikafungua mlango wa ukumbi wenye viti mia nne.
Kwetu Pruitt alikijua kikohozi changu tangu mlangoni.
Pale nilikohoa,
na hakuna aliyegeuka.
Ndicho nilichokikimbia. Hicho tu.
Naona aibu jinsi kilivyo kidogo.

Hatua ya tatu ilikuja kwenye mapumziko ya chai,
nikiwa na glavu mkono mmoja.
Wendell akainama begani kwangu:
"Hiyo S iliyonyooshwa shingo ni nini?"
Nikamweleza: unajumlisha vipande vidogo mno,
vidogo hata havionekani,
mpaka viwe kitu.
Akaitazama muda mrefu.
"Kama zamu," akasema.
Akakiomba kile kifuniko. Sikuuliza cha nini.

Fomu niliituma Februari, siku mbili kabla ya mwisho,
na barua imerudi kwenye friji.
Mama hakusema kitu, alitafuta sumaku tu.

Juni wakafungua namba tisa.
Tulingoja hewa irudi kwanza, mita ikisoma taratibu.
Foklifti ikatoka na kreti ya kwanza,
na kwenye kioo chake, kimebandikwa kwa gundi ya karatasi,
kile kifuniko changu,
na pembeni, kwa penseli, mwandiko usio wangu:
hatua ya kwanza, ya pili,
ya tatu imefutwa, imeandikwa tena.

Akanirushia tufaha. "Likague."
Nikaling'ata.
Lilipasuka kwa kelele, likanimwagikia kidevuni.