Vinginevyo

Novemba, Estonia. Saa tisa alasiri na taa tayari zimewashwa.
Wamenipangia vitatu juu ya meza ya bohari,
juu ya kitambaa cha kijani, kama posa:
kizibo chekundu cha kufunga mdomoni mwa mtutu,
leza ndani ya kisanduku kidogo kama kiberiti,
na silinda ya hewa inayosukuma bega
ili kuruta asadiki kwamba amefyatua.

Mimi ni Sajini Urve Kallaste.
Miaka kumi na tisa nahesabu nati na soksi.
Luteni amesema nichague kabla ya chakula cha jioni.
Muuzaji ametoka Tallinn, viatu vyake havijawahi kuona tope,
anasema hivi vyote havina kasoro.
Kizuri chajiuza, nawaza,
nawe umeendesha kilomita mia mbili.

Naanza na kizibo.
Risasi baridi haina kichwa, ina baruti na kelele tu.
Bila kizibo gesi yote hutorokea mbele,
bunduki hukohoa mara moja, ikanuna,
na kuruta akabaki kuivutavuta
kama anayekamua ng'ombe mkaidi.
Nakifunga. Hesi zinashikana robo tatu, zinagoma.
Nafungua, napangusa, nafunga tena.
Vidole vinajua kabla yangu:
hizi zilichongwa kwa ajili ya mtutu mwingine.
Siku kitakapochomoka kitaruka kama jino,
na mbele yake atakuwapo mtoto wa mtu.

Wekundu wake naupenda, hata hivyo.
Theluji ikianguka utaonekana toka ng'ambo ya shamba.
Niletee wekundu huuhuu, namwambia,
wenye hesi za kwetu.
Anaandika.

Silinda ni ya ukumbini. Bomba lake hunasa vichakani.
Ibaki ukumbini.

Leza sina haja ya kuijaribu.
Niliijaribu Septemba, kwa mwili wa Taavet Pihlak.
Asubuhi nzima fulana yake haikulia hata mara moja.
Wenzake kumi na mmoja, maiti wote,
walikuwa wakinywa chai nyuma ya lori
alipotokea msituni, meno yote nje.
"Nimepona, sajini. Nilijificha."
"Wapi?"
"Nyuma ya kangaga."

Kangaga! Majani matatu na umande.
Leza, masikini, ni mwanga tu;
jani likisema simama, inasimama.
Risasi haibishi hodi.

Hakuna aliyecheka.
Mägiste alimchukua hadi uwanja wa shabaha,
akasimamisha gogo la mbetula, nene kama paja,
nyuma yake ndoo ya maji.
Risasi moja, ya moto.
Maji yakatoka mbele, yakatoka nyuma,
na Taavet akaitazama ndoo ile
mpaka ikaishiwa.
Halikuwa kosa lake. Jani tulimfundisha sisi,
kwa kifaa cha bei ghali.

Sasa muuzaji ananisubiri, kalamu mkononi.
Angeniuliza kipi kinasema kweli, ningemjibu: hakuna.
Kizibo kinadanganya kuhusu umbali,
silinda kuhusu tope,
leza kuhusu majani.
Mimi kazi yangu ni kuujua uongo wa kila kimoja
na kuutaja kwa sauti kabla vijana hawajatoka mlangoni.
Mpaka uko kilomita thelathini. Hatuutaji mezani.

Leza nachukua. Mia moja na ishirini.
Hakuna kingine kinachomwambia kijana
umeonekana, ungali unajidhani kivuli.

Fomu ina safu ya mwisho, "Vinginevyo".
Kwa kawaida naipiga mstari.
Leo naandika:
gogo la mbetula, moja, lenye tundu,
litundikwe mlangoni mwa bohari,
usawa wa kifua.

Luteni anasoma, anakuna sikio.
"Na bei yake?"
Ninairudisha fomu kwangu, ninajaza:
ndoo moja.