Futi ya Cherehani

Shangazi Mejumaa hushona sare za shule, Mikindani,
kaptura za kaki, sketi za buluu,
na futi yake ya plastiki, ile ya manjano,
imefutika namba, moja hadi sita,
kwa kupimia viuno vya mikoko.

Viuno, nasema, japo vilivyobaki ni visiki.
Maji yakipwa hujifunga leso mbili,
huvua ndara akaziacha juu ya jiwe,
akateremka horini hadi tope limeze magoti.
Hutamka namba, mimi naandika.
Kazi yangu ni daftari
na kunyamaza.

Mkoko, inchi kumi na tisa. Msumeno.
Mchu, inchi thelathini. Msumeno.
Msindi, inchi nane (huyu alikuwa mtoto).
Panga, na aliyekata alikuwa na haraka.
Husoma kovu kama asomavyo mshono:
"Huyu ameenda kuni.
Huyu amechemsha chang'aa.
Lakini safu hii, iliyonyooka hivi,
hii si njaa, mwanangu. Hii ni ramani."

Ramani tuliiona siku ya kikao,
imetandazwa mezani, imekandamizwa na vikombe vya chai.
Hori yetu imepakwa kijivu
na juu ya kijivu, kwa herufi za kupendeza:
Yadi ya Makontena, Awamu ya Pili.
Kaa hawakuchorwa,
wala wanawake wa Jomvu wenye ndoo za chaza,
wala jiwe lile la kuachia ndara.

Wakili wa kampuni, kijana msafi wa maneno,
alilishika daftari letu kwa ncha za vidole
(lilinuka tope, siwezi kukataa).
"Mama, wewe ni mtaalamu wa misitu?"
"Mimi ni fundi wa nguo."
"Na paa la nyumba yako limeshikwa na nini?"
"Boriti."
"Boriti za mti gani, mama?"

Ukumbi ukaangua kicheko.
Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Fungua ukurasa wa kwanza," akasema shangazi.
Akafungua. Akasoma kimoyomoyo.
"Kwa sauti, baba. Wenzako nao wasikie."
"Boriti... arobaini na moja,
nyumba ya Mejumaa binti Mwakuro,
alikata marehemu babangu, horini hapahapa."
"Nilianza kuhesabu kwangu," akasema.
"Deni gani huhesabiwa kuanzia kwa jirani?"

Hatukushinda. Msije mkadhani.
Kesi ilisogezwa hadi mwezi wa saba, kisha wa tisa,
na usiku mmoja katikati ya hapo
mtu asiyejulikana, ambaye sote twamjua,
alivurumisha mawe juu ya paa letu.
Mabati yalibonyea. Boriti hazikutikisika.
Alfajiri nilimkuta amesimama kitandani,
anazigusa moja moja, kama anayeomba radhi.

Leo bamvua limekupwa hadi mbali,
ng'ambo winchi za bandari zimeinamisha shingo,
na sisi tuna kapu la watoto wa mkoko.
Mti huu haukuniacha na shaka tangu nilipoujua:
mwanawe humea angali juu kwa mamake,
hunyooka, huchongoka kama sindano ya gunia,
na siku yake ikifika huachia
akajichoma topeni mwenyewe.

"Shangazi, hapa ndipo penye kijivu."
"Nipe sindano."

Akachoma. Akachoma. Jua likatupiga migongo.
Kisha, kwa mazoea, akakunjua futi
kupima mche wa kwanza toka topeni hadi ncha,
na mche ukaishia mle mle kwenye namba zilizofutika.
Nikasubiri, kalamu juu ya karatasi.
"Niandike ngapi?"
Akaikunja futi, akaifuta kwa ncha ya leso.
"Andika: upo."