Juzuu ya Saba

Bondeni kwetu, ng'ambo ya mto Sprecha,
plamu haziulizi nani kaswali.
Huiva Septemba, zambarau yenye ukungu,
kama kioo kilichohemewa,
na kila nyumba, ya msalaba au ya mwezi mwandamo,
ilikuwa na kazani yake ya shaba
na mzee wake wa kuonja.

Yetu aliinunua babu mwaka wa theluji ndefu.
Baba, Hilmo, aliirithi pamoja na kikohozi.
Ramadhani alifunga yote, hakosi daku, hakosi tarawehe;
Shawali ikiandama, anaifuta chupa vumbi
kana kwamba nayo ilikuwa safarini.
"Ni dawa," husema. "Ya kusugulia magoti."
Magoti yake yalikuwa kooni.

Efendi Rifet hakuwahi kumsema.
Alisoma tu, juzuu moja kila siku baada ya alasiri,
nasi zuliani, misahafu mapajani.
Siku ya saba ndipo inapofika aya ile,
ya ulevi na kamari katika pumzi moja,
aya isiyoishia kwa amri bali kwa swali.
Hapo efendi hunyamaza kidogo,
kama mtu aliyebisha hodi.

Nilikuwa na miaka tisa, nimeegemea bega la baba.
Nikamsikia akijibu, kwa sauti ya kuazima:
"Bado."

Mwaka uliofuata hakusema neno.
Mwaka wa tatu aliinama kufunga kamba za viatu,
na viatu vyenyewe viko nje, mlangoni.

Sijui kilichomvunja. Mama anasema ni ule usiku
aliposimama kwa isha, akasoma Alhamdu mara tatu
asijue amefika wapi,
nami, nyuma yake, nikamsahihisha.
Mimi nadhani alichoka tu.
Swali likija kila mwaka huuzoea mlango wako,
mwisho linaingia bila hodi.

Milenko, jirani, akaja na marki mia nane mkononi.
"Niuzie kazani. Kwangu mimi si haramu."
Baba aliishika ile shaba
kama ashikavyo mtu shingo ya ng'ombe mzee.
"Sikukatazi kunywa, Milenko. Najikataza kuuza.
Aliyekamua, aliyebeba, aliyekula bei,
wote wamepanda gari moja."
Milenko akatema mate, akaenda zake.
Miezi miwili hakutusalimu.
Hilo nalo liandikwe.

Nazif mfua shaba aliikata mjini, baba akitazama.
Ikatoka midila minne, na sinia,
na kipande kisichofaa kitu
ambacho mama alikiingiza chini ya mguu wa kabati.
Mdila mmoja baba aliuacha kizingitini kwa Milenko, usiku,
akarudi haraka kama mwizi.
Asubuhi ng'ambo ya ua kulinukia buni.

Kisha plamu zikaiva tena.
Mama alisonga jamu mpaka mwiko ukavunjika;
bado zikabaki, zikaanguka, zikachacha zenyewe majanini,
na nyigu wakaziacha wakipepesuka.
Alfajiri hiyo nilimwona baba dirishani,
kofia mkononi, pua imeinuka,
amesimama katikati ya shamba.
Alisimama mno.

Halafu akageuka. Akashika njia ya chini,
ile ya kinu, ya matope, robo saa zaidi.
Hata leo, kila Septemba, hupita huko.
Wenzake msikitini humcheka: Hilmo anaogopa matunda.
Yeye hukung'uta tope, akasema
neno lenyewe halisemi tu usinywe,
linasema kaa kando,
na kando, kwa mtu kama yeye,
ni mahali pa kuendewa kwa miguu.