Zamu Yako Imefika

Wiki tatu tu, Mama, na cheti kina muhuri wa dhahabu.
Sikukikunja. Nilikibeba kifuani
kama mtoto mchanga, viwanja vitatu vya ndege,
hadi Goma, hadi Majengo, hadi mlango wetu wa bati
ambao bado haufungi vizuri.

Kule tulibandika karatasi za rangi ukutani:
ya njano, maslahi; ya waridi, hofu.
Siku ya nne tukaigiza.
Kijana wa Norwe akapewa kuwa mkimbizi kutoka kwetu,
mimi nikapewa kuwa mgeni aliyekuja kupatanisha.
Alilia vizuri yule kijana. Darasa zima lilimpigia makofi.
Mimi nilisahau maneno yangu.

Leo nimerudi, na ukuta umesogea.
Wewe wasema umesogea hatua mbili, kuelekea jikoni kwetu.
Mama Nyiramana asema haujasogea hata kidole,
ni macho yako yaliyozeeka.
Mpaka wa kweli ulikuwa safu ya minyaa
aliyoipanda Baba kabla sijazaliwa.
Moto wa mlima uliteremka, ukapita juu yake,
na sasa mpaka uko huko chini,
kimo cha mtu mzima aliyesimama,
ukijua peke yake nani mwongo.

Nikaomba kikao. Viti vinne,
na shefu wa avenyu, aliyefika amekwisha kunywa.
Kwa kipande cha kaa nikachora juu ya jiwe jeusi
mti, kama nilivyofundishwa:
mizizi ni vyanzo, shina ni tatizo,
matawi ni yale yanayotuangukia.
Mama Nyiramana akautazama, akautazama.
"Mwanangu, hapa mti unaotea wapi?"
Shefu akacheka hadi kikohozi kikamshika.

Daftari, ukurasa wa kumi na tisa:
uliza kila upande unahitaji nini.
Nikauliza.
Wewe ukasema: ukuta urudi.
Yeye akasema: bidoni yake ya njano,
ile iliyo nyuma ya mlango wetu.

Imefikaje huko?
Ukainama, ukaanza kutafuta kitu
katika fundo la kitenge chako.

"Unadhani nani alimchotea maji
wiki zako tatu? Na goti lake lile?
Hatusemezani, mimi na yeye.
Naweka mlangoni, nagonga bati, naenda zangu."

Hakuna karatasi ya rangi kwa jambo hilo.
Nilitafuta.

Kesi haikwisha. Shefu alidai soda yake, akapewa.
Ukuta uko palepale, au hauko.
Saa tisa usiku nikaamka, bidoni mbili,
moja si yetu.
Kwenye foleni mwanamke aliye mbele yangu
akageuka: "Ni wewe uliyekwenda Ulaya kusomea amani?
Haya, walikufundisha nini?"

Nikamwambia, dada,
sogea kwanza, zamu yako imefika.