Mwisho Ninaujua

Kwa miaka minne nimeona miisho tu.
Saa nne kasorobo usiku nasimama mlangoni,
ufagio mkononi, mfuko mweusi kiunoni,
nangoja taa ziwake ukumbi namba mbili,
sinema kuukuu ya Barabara ya Anlaby, mjini Hull,
ambako mvua huja kwa ubavuni, haishuki.

Kwa hiyo nawajua washindi wote.
Bondia aliyenyanyua mikono, sijui alipigwa wapi kwanza.
Mpishi aliyelia mbele ya sahani tupu.
Mcheza dansi, yule wa goti bovu.
Wananijia wakiwa wameshafika,
kama watu unaopishana nao wakitoka harusini,
wameshiba, wananukia, viatu mkononi.

Watazamaji nao hutoka hivyo hivyo,
vifua mbele, macho mekundu.
Mmoja, mwanafunzi labda, alinishika bega:
kesho naacha kazi, naandika kitabu changu.
Nikamwambia hongera, inua mguu.
Chini ya kiti chake bisi nusu ndoo.
Wiki ya pili nikamwona kwenye foleni,
ananunua moyo tena
kwa pauni nane na nusu.

Simcheki. Mimi pia ninachora.
Nyuma ya risiti, kwenye maboksi ya vikombe,
hadithi ya picha ya shangazi yangu Mwajabu,
aliyetengeneza saa za nusu ya Morogoro
na mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati.
Kurasa kumi na moja. Ya kumi na mbili imekataa.
Mkono wa shangazi unaoshika bisibisi
hauwi mkono. Unakuwa uma.
Nimeuchora, nimeufuta, karatasi imetoboka.

Na kusema kweli wale washindi hawanisaidii.
Ni majina.
Watu wakitafuta makoti, majina yanapanda,
meupe juu ya weusi, na hakuna anayeyasoma
ila mimi, na Maureen anayewinda watu wa ukoo wake.
Aliyeshona vifungo. Aliyelisha farasi.
Msaidizi wa pili wa fundi taa.
Nafagia polepole, wasipite bila shahidi.

Februari ikaja ile ya mwanamke msubu kengele.
Mwisho wake niliuona mara kumi na tisa:
kengele inalia, njiwa wanaruka, mji unasimama,
mwanamke anafuta masizi usoni, giza.
Kila usiku nywele zilinisimama,
na kila usiku nilirudi nyumbani
nikaukuta uma wangu mezani.

Nikaomba mapumziko ya Jumanne.
Nikanunua tiketi kama mtu.
Bwana Ollerton hakunitambua bila aproni.
Nikakaa safu ya saba, kiti ninachokijua
kwa chingamu zilizogandishwa chini yake.

Jamani, mwanzo wake ni viazi!
Dakika ngapi sijui, mwanamke anamenya viazi
na kuhesabu deni kwa maganda.
Kengele ya kwanza ilipasuka.
Ya pili iling'ang'ania kwenye kalibu kama jino.
Ya tatu ilitoka nzuri, ikapigwa,
ikalia kama sufuria,
na watu wa mji wakacheka, nasi ukumbini tukacheka,
kisha mimi nikanyamaza.
Ya nne hatukuonyeshwa. Alionyeshwa yeye,
amelala mchana, siku tatu, uso ukutani.

Nilitoka kabla haijaisha.
Maureen pale ngazini akauliza, mbaya?
Nikasema, mwisho ninaujua.
Nikatembea hadi Spring Bank,
upepo wa mto Humber ukinisukuma kisogoni
kama mtu ninayemdai anayetaka tuyamalize.

Mezani nikaweka karatasi mpya.
Juu, pembeni, kwa herufi ndogo, nikaandika: nne.
Nikachora mkono.
Uma.
Nikaandika: tano.